Mzee Aliyepiswa Si Mzigo wa Mtu Mmoja

Mwezi uliopita, baada ya darsa yetu ya usiku wa Alhamisi, tuliletewa barua ya mwanamke mmoja wa mji wetu. Hakutia jina lake, wala sisi hatukulitafuta. Asema kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka 78, alikuwa fundi wa kushona kofia aliyejulikana mtaa mzima, na watoto wengi wa jirani walisomea Qur'ani barazani kwake. Miaka mitano iliyopita alianza kusahau sufuria motoni. Kisha akasahau majina. Leo kila siku humuuliza mumewe, aliyefariki zamani, kwa nini hajarudi kutoka kazini. Na jua likitaka kuchwa hujifunga buibui lake, akashika njia, akisema anakwenda kwao, na ilhali nyumba aliyomo ndiyo aliyozaliwa.

Mwandishi wa barua ana ndugu wanne. Dada yake ameolewa mbali. Kaka mmoja yuko Nairobi, wa pili yuko Ghuba, na wa tatu akaa mtaa wa pili, naye huja kila Ijumaa akamsalimia mama, akanywa kahawa, akaondoka. Kazi yote ya kumwosha, kumlisha, kumvisha na kukesha naye ni ya huyu mmoja. Ameuliza mambo matatu: Je, maradhi haya yana dawa? Ninapomfungia mlango usiku, napata dhambi? Na nani wa kunisaidia? Kisha amemaliza kwa maneno haya: "Watu huniambia nisubiri. Mimi nasubiri. Lakini nimechoka."

Tumeona kwamba suali hili si la nyumba moja. Zimo nyumba nyingi katika miji yetu zenye mzee kama huyu, na nyingi katika hizo zimefunga madirisha kwa kuona haya. Kwa hivyo tumeacha somo tulilokuwa tumelikusudia mwezi huu, tukalifanya suali hili ndilo somo.

MARADHI HAYA NI NINI?

Wazee wetu walikuwa na neno lake. Walisema: fulani amepiswa, yaani akili imemrudia utotoni kwa uzee. Matabibu wa leo huiita hali hii dimenshia. Neno hilo si jina la maradhi mamoja. Ni jina la hali ya mtu ambaye kumbukumbu yake, fikira zake na uwezo wake wa kujiendesha mwenyewe vinapungua hadi asiweze tena kazi zake za kila siku.

Maradhi yaletayo hali hii ni mengi. Makubwa yao ni yale yaliyopewa jina la tabibu Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza matabibu wenzake habari za mwanamke aliyemwangalia katika hospitali ya Frankfurt. Alipokufa mwanamke huyo, ubongo wake ulipimwa, ukaonekana umesinyaa na umeharibika kwa alama zilizoweza kuonekana kwa darubini. Katika kila wagonjwa 100 wa dimenshia, baina ya 60 na 70 huwa na maradhi haya. Ya pili ni yatokanayo na kuziba au kupasuka kwa mishipa midogo ya damu kichwani, na haya ni jamaa ya kiharusi; watu wenye presha na sukari ndio walio karibu nayo zaidi, na hapana haja ya kueleza ni wangapi hao katika miji yetu ya pwani.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 ulimwenguni walikuwa na hali hii, na zaidi ya 60 katika kila 100 wao wakaa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Basi asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya Wazungu.

Wako wasemao: huo ni uzee tu. Sivyo. Mzee akisahau alipoweka miwani yake, kisha akakumbuka baadaye, hayo ni ya uzee. Lakini mtu akipotea njia ya msikiti aliouendea miaka 40, au mwanamke aliyepika maisha yake yote akasimama mbele ya jiko asijue lianzwe wapi, hayo si uzee. Hayo ni maradhi, na mwenye maradhi hupelekwa kwa tabibu. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya An-Nahl aya ya 70 na Sura ya Al-Hajj aya ya 5, imewataja watu wanaorudishwa katika umri dhalili hata wasijue kitu baada ya kuwa walijua. Jambo lililotajwa humo halina aibu kutajwa barazani.

SI JINI, WALA SI UCHAWI

Ada mbaya iliyoko kwetu ni kwamba mzee akianza kusema na wasioonekana, au akiamka usiku akafanya safari, mtu wa kwanza kuitwa ni mganga. Hupigwa ramli, huchinjwa kuku, huchomwa ubani, na mali ya nyumba hutoka kidogo kidogo. Wakati huo ugonjwa waendelea. Na lililo baya zaidi ni kwamba mganga hawezi kurudi mikono mitupu. Hana budi amtaje mtu. Hapo ndipo mkazamwana huambiwa amemroga mkwewe, au jirani akawa adui, na nyumba iliyokuwa na mgonjwa mmoja ikawa na wagonjwa kumi.

Tena ada hii huua. Wazee wasiopungua wengi wameuawa Kilifi kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya uzushi huo limekuwako shamba linalotamaniwa. Ndiyo sababu kumekuwako Kaya Godoma, huko Ganze, mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia nyumba zao kwa khofu ya kuuawa na watu wao wenyewe. Na Oktoba mwaka 2021, huko Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa uzushi huo huo. Sasa fikirini: mzee aliyepiswa hutoka usiku asijue alipo, huvua nguo asijue yuko uchi, huingia nyumba ya jirani akidhani ni yake. Je, ni nani aliye rahisi kusingiziwa kuliko huyu? Anayeeneza neno kwamba mzee fulani ana mambo ya usiku amtayarishia mzee huyo panga. Na ajue kwamba ataulizwa.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani na kumwombea dua ni kheri, na wengi katika hawa hutulia wanaposikia sura walizozihifadhi utotoni, kwa sababu yaliyoingia mapema mara nyingi ndiyo yatokayo mwisho. Lakini dua haikuwekwa mahali pa tabibu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha watu wajitibu, na mwenye kuacha sababu kisha akaita hayo tawakkul hakuelewa maana ya tawakkul.

KWANZA NI TABIBU

Sasa twajibu suali la kwanza. Maradhi ya Alzheimer mpaka leo hayana dawa ya kuyaondoa. Ziko dawa, kama donepezil na memantine, ambazo huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda, nazo hutolewa kwa amri ya tabibu. Lakini asikimbilie mtu kusema: ikiwa haina dawa, basi niende hospitali kufanya nini? Faida ziko nyingi, na kubwa ni hii: si kila anayeonekana amepiswa amepiswa kweli.

Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu ya maradhi ya tezi ya shingo, kwa upungufu wa vitamini B12, kwa majonzi makubwa yaliyomshika baada ya kufiwa, kwa damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, au kwa dawa nyingi zinazogongana tumboni mwake. Akichanganyikiwa ghafula, katika siku mbili tatu, mara nyingi kuna homa, ukosefu wa maji mwilini au uchafu katika njia ya mkojo, na huyo yafaa apelekwe siku hiyo hiyo. Wako pia wasiosikia vizuri, watu wakadhani hawaelewi. Mengi katika haya hutibika. Ni msiba ulioje mtu kumwuguza mamake miaka kumi kwa jambo lililotaka vidonge!

Njia yenyewe ni hii. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe; kutoka hapo utaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa. Hapa Mombasa iko Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji twaiita Makadara, na iko Hospitali ya Port Reitz, upande wa Changamwe, yenye idara ya maradhi ya akili. Nairobi iko hospitali ya Mathari, nayo ndiyo kubwa ya serikali kwa kazi hiyo. Kabla ya kwenda, fanya mambo matatu. Andika katika daftari, kwa muda wa wiki mbili au tatu, yale unayoyaona: lini alianza, nini hawezi tena, usiku hulala vipi. Kusanya dawa zote anazotumia, za dukani na za majani pia, uzitie katika mfuko mmoja uende nazo. Na aende naye mtu anayekaa naye, si yule anayemjua kwa simu tu. Kwani mgonjwa huyu mbele ya tabibu huweza kujibu vizuri kwa robo saa, akaonekana hana neno.

WAJIBU NI WA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Sura ya Al-Israa, katika aya ya 23, imewausia watu wazazi wao, khasa wafikapo uzeeni, hata ikakataza mtoto kuwatolea sauti ya kuchoshwa nao. Wasia huo haukuelekezwa kwa binti peke yake. Haukuelekezwa kwa asiyeolewa wala kwa aliyeachwa, wala kwa yule asiye na kazi ya mshahara. Umeelekezwa kwa watoto wote.

Wanavyuoni wameeleza kwamba mzazi mhitaji ni juu ya wanawe wenye uwezo kumlisha, kumvisha na kumpa makazi. Na ikiwa hawezi kujihudumia, hata ujira wa mtu wa kumhudumia umo katika haki yake. Basi kaka aliye Ghuba hawezi kusema: mimi niko mbali. Uwezo wa mwili uko mbali, lakini uwezo wa mali hauko mbali. Na aliye Nairobi anaweza kuchukua likizo, dada yake akapumzika. Na aliye mtaa wa pili hana udhuru wowote.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wengi hawapendi kulisikia. Mke wa mtu hakuwajibishwa na sheria kumwosha na kumlisha mkwewe. Akifanya, amefanya ihsani, naye astahili shukrani na kusaidiwa. Mwenye wajibu ni mwana mwenyewe. Kumtwika mke mzigo huo, kisha kumlaumu kwa kununa, ni kumkopa mtu na kumtukana pamoja.

Twausia kila nyumba yenye mgonjwa kama huyu ndugu wote wakae kikao kimoja, walio mbali kwa simu, waandike karatasini: nani atatoa fedha ngapi kila mwezi, nani atakesha usiku upi, nani atampeleka hospitali, na yule anayelea atapumzika siku gani. Neno lisiloandikwa huliwa na siku.

MLANGO WA USIKU

Suali la pili ni la mlango. Kumfungia mlango wa nje mtu asiyejua njia, ili asiingie barabarani akagongwa na gari, ni kumhifadhi, wala hapana dhambi katika kumhifadhi. Lakini kumfungia peke yake chumbani na kuondoka, au kumfunga kamba kitandani, ni dhulma, hata ikiwa anayefanya hivyo ni mtoto wake na anampenda.

Na ziko njia nyepesi. Komeo la mlango wa nje liwekwe juu, mahali ambapo hakuzoea kulitafuta. Mlango utiwe njuga au kengele ili ukifunguka mtu aamke. Ufunguo uwe karibu na mkono, isije ikatokea moto. Taa ndogo iachwe ikiwaka njia ya chooni. Mikeka na mazulia yanayoteleza yaondolewe, na mtungi wa gesi ufungwe kila baada ya kupika. Nambari ya simu ya mwanawe ishonwe ndani ya buibui au kanzu, na picha yake mpya iwekwe tayari. Akipotea, ripoti ipigwe kituo cha polisi saa hiyo hiyo. Usingoje siku ipite. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kina kazi ya kuwatafuta waliopotezana na jamaa zao, na nambari yake ya bure ni 1199.

Ama hiyo habari ya kutaka kwenda kwao wakati wa Magharibi, wagonjwa wengi huzidiwa na wasiwasi jua linapokuchwa. Kumbishia hakufai. Ukimwambia, "Mama, hapa ndipo kwenu," atakuona mwongo; na ukimwambia kila jioni kwamba mumewe amekufa, kila jioni atafiwa upya. Mwulize habari za huko kwao palikuwaje. Mpe kikombe cha chai. Mpe kofia na sindano akishike kile ambacho mikono yake haijakisahau. Washa taa mapema. Chakula, kuoga na kulala viwe kwa saa zile zile kila siku, kwa kuwa aliyepotewa na fikira hushikwa na ada.

IBADA NA MALI YAKE

Watu huteseka bure katika mambo mawili. La kwanza ni ibada. Mtu aliyeondokewa na akili hana juu yake Sala wala Saumu mpaka akili imrudie, na wanavyuoni wengi wamesema kwamba hata fidia ya Ramadhani haimlazimu, kwani fidia ni ya mzee mwenye akili zake aliyeshindwa na nguvu. Akiwa akili humjia na kumtoka, basi huwajibikiwa kwa wakati ule imjiapo. Akisali rakaa tano au akasali kabla ya wakati, asikaripiwe. Anayemlazimisha kwa ukali amemwudhi mtu ambaye kalamu imekwisha ondolewa juu yake.

La pili ni mali, na hapa ndipo wenye tamaa wanapoingia. Kuuza, kutoa hiba na kuandika wasia kwa mtu asiye na akili hakusihi. Mwana anayemtia mamake kidole gumba katika karatasi ya nyumba, na ilhali mama hajui hata ni siku gani, amewaibia ndugu zake na amemwibia mamake angali hai. Tena wajue watu kwamba wakala wa maandishi ambao mzee alimpa mwanawe alipokuwa na akili huondoka nguvu akili ikiondoka. Njia ya haki ni kwenda Mahakama Kuu, ambayo chini ya Sheria ya Afya ya Akili ina uwezo wa kumweka mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa na kutoa hesabu yake. Kazi hii si ya Kadhi katika sheria ya nchi yetu. Mambo ya Kadhi ni ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu baina ya Waislamu. Kwa hivyo twausia: mara tu alama za kwanza zionekanapo, na mzee angali anajua asemalo, aulizwe mwenyewe anataka nini, na yaandikwe mbele ya wakili na mashahidi. Kesho yaweza kuwa amechelewa.

MSAADA UKO WAPI?

Sasa suali la tatu. Msaada ulioko si mwingi kama ulivyotakiwa kuwa, lakini upo, na wengi hawaupati kwa kutoujua.

Kwanza, matibabu. Tangu Oktoba mwaka 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondolewa, na mahali pake imekaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iitwayo SHA. Mzee aandikishwe kwa kitambulisho chake kabla hajaugua kitandani, si siku ya kulazwa.

Pili, wahudumu wa afya ya jamii. Hawa hupita majumbani, na tangu mwaka 2023 wamepewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari. Mwite wa mtaa wenu, mwoneshe mgonjwa, umwulize njia ya zahanati. Asifichwe mzee chumba cha ndani.

Tatu, fedha za Inua Jamii. Serikali huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa shilingi 2,000 kila mwezi. Hazitoshi, lakini ni sabuni na maziwa. Habari za uandikishaji huulizwa kwa chifu au kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Nne, Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Ulemavu si wa miguu na macho tu. Mgonjwa ambaye akili yake imeharibika anaweza kupimwa katika hospitali ya serikali, na akithibitishwa huandikishwa na baraza hilo.

Tano, liko Nairobi shirika la Wakenya wenyewe kwa ajili ya maradhi haya, lijulikanalo kwa herufi ADOK, lililoanzishwa na Bi. Elizabeth Mutunga baada ya babake mwenyewe kupatwa. Shirika hili huwakutanisha wanaowalea wagonjwa wakazungumza na kufunzana. Na Shirika la Afya Duniani nalo limetunga masomo ya kuwafundisha walezi, yaitwayo iSupport.

Na juu ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imesema kwamba wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kutoka kwa dola. Angalieni: pande zote mbili zimetajwa. Jamaa hawawezi kuitupia serikali kila kitu, wala serikali haiwezi kujificha nyuma ya jamaa.

NA SISI WA MJI?

Katika miji ya Kiislamu ya zamani matajiri walijenga hospitali na kuziwekea wakf. Ya Nuruddin ilisimama Damascus katika karne ya 12, na ya Sultani Qalawun ilisimama Cairo mwaka 1284. Ndani yake mlikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili, na gharama zake zilitoka katika mapato ya wakf. Leo sisi twaona msikiti ukijengwa karibu na msikiti, na hayo ni mema. Lakini ni nani kati yetu aliyeweka wakf chumba kimoja, ambamo mzee aliyepiswa aweza kukaa tangu asubuhi mpaka Alasiri, akiangaliwa na watu waliofunzwa, ili bintiye apate kulala? Duka moja likiwekwa wakf, kodi yake yaweza kumlipa mtu wa kazi hiyo. Fikra hii twaiweka mbele ya wenye uwezo na mbele ya maimamu wetu.

Nao vijana wasidhani kwamba haya ni ya wazee tu. Tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 imesema kwamba karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wa dimenshia wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa, lau yangepunguzwa mambo 14, na katika hayo ni presha, sukari, sigara, kutosikia, upweke na uchache wa elimu. Anayedhibiti presha yake leo aihifadhi akili yake ya kesho.

Sisi katika darsa yetu tumeanza kwa jambo dogo. Wanawake sita wa darsa wamejitolea kukaa na wazee kama hawa, kila mmoja saa mbili kwa wiki, baada ya Alasiri, kwa ruhusa ya wenye nyumba. Anayetaka kujiunga nao, au anayehitaji kujiwa, na atupe habari. Hapana jina litakalotajwa.

Na wewe dada uliyetuandikia: hujapata dhambi kwa kufunga mlango, wala hujapungukiwa na subira kwa kusema umechoka. Subira si kunyamaza mpaka uanguke. Kutafuta msaada ni katika kumtendea mema mama yako, kwa sababu ukianguka wewe, yeye ataangukia kwa nani?

Na wewe ndugu ujaye Ijumaa ukanywa kahawa ukaondoka: hatukujui jina, na pengine ukurasa huu utakufikia. Ijumaa hii usiondoke. Mwambie dada yako akalale, kisha kaa na mama yako mpaka jua lichwe. Atakuuliza baba yako yuko wapi. Kaa umjibu.